Motokari ya koperative inapolia «pshhh» njiani



Mahindi yameisha kukauka. Depo imejaa, mifuko imefika karibu na mabati, na kila asubuhi mtu anauliza: motokari itapita siku gani? Katika kurasa hizi tumefundishana mengi juu ya mbegu, mbolea, na namna ya kukausha nafaka ili isipate ukungu. Juu ya motokari hatujaandika hata mstari mmoja. Na bado mahindi ya Kambove, samaki wa Kapolowe na kabichi za kando ya Lufira havifiki soko ya Kikula kwa miguu.

Somo la leo ni juu ya sauti moja tu: ule mlio wa «pshhh» ao «sss» unaosikika motokari ikiwa inatembea. Si sauti ya kishindo. Haigongi, haipasuki, haitishi mtu. Ndiyo maana watu wanaiacha. Shofere anaongeza sauti ya radio, abiria wanaendelea na habari zao, na mzigo unakwenda mpaka pale ambapo hauendi tena.

Nieleze kwanza namna mimi mwenyewe nilivyolipia masomo haya.

Ilikuwa mwezi wa saba, tukitoka upande wa Kapolowe ndani ya pikapu ya koperative moja niliyokuwa ninaisaidia wakati ule. Nyuma tulipakia tomati ndani ya makesi, kabichi juu ya tomati, na mama wanne juu ya kabichi. Mbele tulikuwa watatu: shofere, mimi, na mama aliyeshika daftari ya mauzo. Tulipoingia kwenye barabara kubwa ya Lubumbashi kwenda Likasi tulijikuta nyuma ya msururu wa makamio mazito ya madini. Vitesi ya kwanza, ya pili, tena ya kwanza, na jua la saa saba juu ya kichwa. Mama wa daftari ndiye aliyesikia mbele yetu sote.

— Shofere, sikia. Iko kintu inalia huku mbele, sawa nyoka.

— Ni upepo, mama. Dirisha haifunge muzuri.

Tukacheka. Mshale wa joto kwenye tablo ulikuwa umekufa tangu miaka, kwa hiyo hakuna aliyeutazama. Kilometa chache mbele, mvuke ukatoka kando ya kapo na motere ikapoteza nguvu. Mimi, kwa sababu niko mtu wa masomo, nikaruka chini wa kwanza. Nikashika kifuniko cha radiatere kwa kitambaa, nikakizungusha. Maji ya moto yaliruka mpaka juu ya paa. Mkono wangu wa kuume una alama mpaka leo. Yule mama alinimwagia maji yetu ya kunywa, bidoni nzima, polepole, mpaka ikaisha, na alifanya sawa kabisa. Mtu akiungua, maji baridi na safi kwa dakika 20 ndiyo dawa ya kwanza. Si mafuta, si dawa ya meno, si unga.

Hasara ya pili ilitaka kuja kwa njia ya makuta. Tuliivuta pikapu mpaka mjini. Fundi wa kwanza alisikia habari ya mvuke, akatikisa kichwa, akasema jwenti ya kilasi imekufa, lazima kufungua motere yote. Koperative ikaanza kuhesabu: tuuze mifuko mingapi, tukope kwa nani, nani atakubali kusubiri malipo yake. Mzee mmoja wa Kikula, aliyejifunza kazi zamani kwenye atelye za Gécamines, akaomba tungoje kidogo. Motere ikiwa baridi kabisa, alijaza maji, akaiwasha kifuniko kikiwa wazi, akatazama ndani ya shimo muda mrefu bila kusema. Hakuna viputo. Akavuta kijiti cha mafuta: mafuta meusi ya kawaida. Halafu akachukua kifuniko, akakigeuza, akatuonyesha mpira wa chini. Ulikuwa mgumu kama ganda la karanga, na umepasuka.

— Uyu njo mwizi yenu, akasema.

Kifuniko tu, kitu kinachokaa ndani ya kiganja. Tomati wakati huo zilikuwa zimelala siku mbili ndani ya makesi. Nusu tuliziuza kwa bei ya huruma, na zingine tulizimwaga.

Uliza mbele ya kushika ufunguo

Muganga mzuri haanzi na sindano, anaanza na maswali. Fundi vilevile. Na maswali haya mwanachama yeyote anaweza kuyauliza, hata asiyejua kuendesha.

Sauti inasikika wakati gani? Simamisha motokari mahali pazuri, nje ya barabara, freni ya mkono ikiwa imevutwa, jiwe ao kipande cha mti chini ya gurudumu. Acha motere iendelee kwenye ralanti, kisha sikiliza. Kama mlio unabaki hata motokari imesimama, basi unatoka upande wa motere. Kama unasikika tu magurudumu yakizunguka, angalia mipira na freni, ama kweli ni upepo wa dirisha. Kama unakuja tu shofere anapokanyaga freni, usiendelee na safari, nitarudi hapo. Kama unaendelea hata baada ya kuzima motere, kuna kitu kinatoka kwa nguvu: mvuke, ao hewa ya mpira, ao hewa ya freni kwa kamio.

Tumia na pua. Maji ya radiatere yaliyochanganywa na dawa yake yana harufu tamu kidogo. Moshi wa motere mnaujua. Usizime motere ukiwa unashuka mlima ili «usikie muzuri». Wako mashofere wanaofanya hivyo, na kwa kufanya hivyo wanapoteza nguvu ya freni, na kwa motokari nyingi za sasa hata usukani unakuwa mzito.

Maji na mvuke

Kwa njia zetu za vumbi na mizigo mizito, sababu ninayokutana nayo zaidi ni maji. Tuelewe kwanza kazi ya kile kifuniko, kwa maana watu wengi wanakiona sawa kifuniko cha sufuria.

Likasi iko juu, karibu metre 1.300 kutoka usawa wa bahari. Hapa kwetu maji ya sufuria yanachemka kwenye digri 96 hivi, hayangoji 100. Motere iliyobeba mzigo inafanya kazi karibu kabisa na joto hilo. Kama maji yangekuwa wazi, yangechemka kila siku na kuisha. Kifuniko kina springi na mpira. Vinafungia maji ndani mpaka yanasukuma kwa nguvu, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki mpaka yamepita digri 110. Soma juu ya kifuniko chenu: mara nyingi kumeandikwa 0,9 ao 1,1. Hiyo ndiyo nguvu kinayoizuia. Mpira ukipasuka, nguvu inatoka kwa ule mlio wa nyoka, maji yanaanza kuchemka mapema, yanapungua kidogo kidogo, na hakuna tone hata moja unaloliona chini. Ndiyo sababu wanachama wanasema: «Atuone mahali maji inapita, lakini kila siku inapunguka.» Ukinunua kingine, nunua chenye namba ileile. Cha namba kubwa zaidi hakiongezi nguvu ya motere, kinapasua tu mipira ya maji iliyozeeka.

Maneno haya yanaeleza pia juu ya nini kifuniko kilinichoma. Maji yaliyobanwa yakiwa na joto la kupita 100, ukiyafungulia yote yanataka kugeuka mvuke kwa mara moja. Kitambaa hakiwezi kuzuia nguvu hiyo. Zima motere, fungua kapo, ngoja. Nusu saa ni kidogo. Kwa motere ya dizeli iliyobeba tani, ngoja zaidi. Shika mpira mnene wa juu wa radiatere juu ya kitambaa: ukiwa bado mgumu kama tairi, nguvu bado iko ndani. Ukibonyea laini, fungua kifuniko robo tu, sikia ile pumzi ya mwisho ikitoka, kisha umalize. Uso uwe mbali.

Na usimwage maji baridi ndani ya motere ya moto. Chuma kilichopanuka kikipokea baridi ghafla kinapasuka, na hapo ndipo utalipa ile kilasi kweli. Kama haraka iko kubwa, washa motere kwenye ralanti ikiwa imepoa kiasi, ongeza maji kidogo kidogo ya uvuguvugu.

Kama kifuniko ni kizima, tafuta mipira ya maji, ile mashofere wanaiita durite, na pete za chuma zinazoikaza, kolye. Tazama alama nyeupe ao ya kijani iliyokauka, kama chumvi: maji yalipita hapo na kuacha alama. Binya mpira ukiwa baridi. Ukilia kama mkate mkavu, umekufa hata kama haujapasuka. Kolye ikilegea, bisibisi inatosha.

Mpira uliopasuka njiani, mbali na mji, unaweza kusaidiwa mpaka ufike. Kausha vizuri, kata shambre ya kinga iliyozeeka iwe utepe mrefu, funga ukivuta sana kuanzia mbele ya ufa mpaka nyuma yake, kisha kaza kwa waya. Ujaze maji, na kifuniko usikifunge mpaka mwisho; kiache kwenye hatua ya kwanza ili nguvu ndani isipande. Lakini nimekwisha kusema: bila nguvu, maji yanachemka mapema. Kwa hiyo endesha polepole, simama mara nyingi, ongeza maji, na mzigo ukiwezekana ugawe. Hii ni ya kufika kwa fundi, si ya msimu mzima. Nimeona shambre iliyokaa juu ya motere tangu mavuno mpaka kupanda, na siku iliyoachia, iliachia yote.

Kiangazi kinaleta jambo lingine ambalo watu wa mji hawalijui. Ukipita njia za shamba kwenye majani marefu yaliyokauka, mbegu za majani zinaingia mbele ya radiatere na kuziba nafasi ndogo ambapo upepo unapita. Motere inapata joto bila kosa la maji. Funga wavu wa mbu uliozeeka mbele ya radiatere, unaoweza kutolewa na kukung'utwa jioni. Kusafisha, tumia burashi laini na maji ya kawaida kutoka upande wa motere kwenda mbele, usichokoe kwa kisu.

Neno moja juu ya maji yenyewe. Maji ya mvua yaliyokusanywa safi ni mazuri kuliko maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Maji ya mito inayopita chini ya viwanda na mashimo ya madini usiyatie. Asidi inakula aluminiamu ya radiatere. Dawa ya radiatere ni bora kuliko maji matupu, kwa sababu inazuia kutu. Ila ni sumu tamu: usiiache kwenye kopo mahali watoto ao mbuzi wanafika.

Na jwenti ya kilasi? Inakufa kweli, hasa kwa motere iliyoendelea kutembea baada ya mvuke. Alama zake ni zile mzee alizitafuta: viputo visivyoisha ndani ya radiatere motere ikifanya kazi, moshi mweupe mwingi nyuma hata motere imepata joto, mafuta yaliyogeuka kama uji wa maziwa, mipira ya maji inayokuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha. Fundi akisema jwenti, mwombe akuonyeshe moja ya alama hizo. Fundi wa kweli hakasiriki.

Sauti inayokuja ukikanyaga freni

Hapa naomba msome polepole, hata wale ambao si mashofere, kwa sababu ninyi ndio mnaokaa nyuma juu ya mifuko.

Pikapu na motokari ndogo nyingi zina sanduku la mviringo, jeusi, nyuma ya motere mbele ya shofere. Ni servofreni. Linafanya kazi kwa kunyonya hewa, na linamsaidia shofere ili mguu wake peke yake uweze kusimamisha motokari iliyobeba. Ndani yake kuna ngozi ya mpira. Ngozi ikipasuka, ao tiyo inayoleta mnyonyo ikipata ufa, utasikia «pshhh» karibu na miguu ya shofere, na mara nyingi ralanti inatetemeka wakati uleule anapokanyaga. Kwa pikapu nyingi za dizeli mnyonyo huo unatoka kwa pompe ndogo iliyofungwa nyuma ya altaneta. Pompe ikichoka, ngozi inaweza kuwa nzima na freni bado zikawa ngumu.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu, na dakika moja inatosha. Motere ikiwa imezimwa, kanyaga pedali ya freni mara tano ao sita mpaka iwe ngumu. Sasa ishikilie chini kwa mguu, kisha uwashe motere. Pedali lazima ishuke kidogo chini ya mguu, kama vile mtu ameivuta kutoka upande mwingine. Isiposhuka, msaada haupo. Motokari bado itasimama ikiwa tupu kwenye uwanja, na hilo ndilo linalodanganya watu. Ikibeba mifuko 30 na kushuka mlima nyuma ya kamio, haitasimama mahali shofere anapotaka.

Motokari ya namna hiyo haipakiwi. Najua ugumu wake: mnunuzi anangoja Kikula, bei ya leo si ya kesho. Kwa maji nilikuonyesha namna ya kufika na shambre ya kinga. Kwa freni sina namna ya kukuonyesha.

Makamio makubwa ni habari nyingine, kwa sababu freni zao zinafanya kazi kwa hewa iliyosukumwa ndani ya matanki. Hapo «pshi» fupi kila baada ya muda ni ya kawaida. Matanki yamejaa na hewa ya ziada inatoka. Pia ukiachia pedali. Lakini mlio mrefu usiokatika ni tobo. Kabla ya kupakia, acha mshale wa hewa upande, mara nyingi mpaka bar 7 ao 8, zima motere, angalia mshale dakika chache bila kugusa kitu. Ukiuona unashuka, mmoja akanyage freni na wengine wazunguke na maji ya sabuni na burashi, wapake kwenye maungio ya tiyo. Mahali povu linapochemka, ndipo. Hewa ikipungua sana, freni za nyuma za makamio mengi zinajifunga zenyewe kwa springi. Zimetengenezwa hivyo makusudi. Kuna wanaofungua zile springi kwa ufunguo ili «wasumbuliwe kidogo». Kamio lililofanyiwa hivyo, msipande.

Jioni, fungua koki ndogo chini ya matanki, maji yatoke. Hewa yetu ya msimu wa mvua imejaa maji, na maji hayo yanakula chuma na mipira ya freni kutoka ndani.

Mpira, moshi, na vingine

Msumari kwenye mpira unalia kwa mpangilio: sss, sss, sss, kila unapokuja chini, na mlio unakuwa wa haraka mwendo ukiongezeka. Motokari inavuta upande mmoja. Usikanyage freni kwa nguvu. Acha akseleta, shika usukani, simama taratibu. Usichomoe msumari mbele ya kutayarisha kriki na mpira wa akiba, kwa sababu mara nyingi ndio unaozuia hewa. Kama tobo halionekani, mate ao maji ya sabuni juu ya valvu, kisha kwenye mpira wote. Valvu ndogo tu inatosha kulaza mpira usiku mmoja, na fundi wa mipira kando ya soko ataibadilisha wakati unakula mukate.

Tiyo ya moshi ikitoboka karibu na motere inapumua «pfu, pfu» hasa asubuhi motere ikiwa baridi, na utaona masizi meusi pale ufa ulipo. Hiyo inaonekana ndogo, ila moshi wa motere una hewa ya sumu isiyo na harufu. Ikiingia ndani ya kabini, ao chini ya bâche mahali mama wamejifunika kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita, inaleta usingizi ambao mtu haamki. Kichwa kikiuma watu wote ndani ya motokari kwa pamoja, teremkeni kwanza, mtaongea baadaye.

Motere yenye turbo ikilia unapokanyaga akseleta, na nguvu inapungua huku moshi mweusi unatoka, tafuta tiyo nene ya hewa iliyochomoka ao kolye iliyolegea. Mara nyingi ni kukaza tu. Na zile sauti ndogo za «sss» dakika moja baada ya kuzima motokari yenye kilimatizeri, ni gesi yake inajituliza. Hiyo iacheni.

Kwa wale wanaomwagilia bustani kwa motopompe, sikio ni lilelile. Ukisikia «sss» kwenye tiyo ya kunyonya, ile inayoingia mtoni, hewa inaingia pale. Pompe itazunguka bure, maji hayatapanda, na joto litakula jwenti yake. Paka udongo laini ao sabuni ya kipande kwenye ungio: mlio ukinyamaza na maji yakapanda, umepata mahali pa kukaza.

Nani alisikia, nani alinyamaza

Sasa jambo linalonisumbua kuliko chuma. Katika koperative kadhaa nimekuta sheria isiyoandikwa: motokari ikisimama njiani, shofere anakatwa mshahara. Shofere mwenye watoto atafanya nini akisikia mlio? Ataongeza radio. Ile siku ya tomati, shofere wetu alikuwa amesikia mbele ya mama. Alituambia baadaye, mbali na watu. Alikuwa ameisha kukatwa mara moja mwaka ule.

Ninyi ndio wenye motokari. Kwenye mkutano mnaweza kukata maneno kwamba shofere anayesimama mapema na kusema ukweli hakatwi hata franka, na kwamba anayeendelea huku anajua, huyo ataulizwa. Wekeni daftari ndogo ndani ya kabini: siku, sauti gani, wakati gani, maji mangapi yameongezwa. Mtu akiona kwamba wiki hii waliongeza litre moja na wiki inayofuata tatu, hahitaji kuwa fundi. Asiyejua kuandika achore mistari, mstari mmoja kwa litre moja. Na mshale wa joto uliokufa, utengenezwe mbele ya kununua radio mpya.

Ndani ya motokari kusikose: bidoni ya litre 20 ya maji safi, na si ile ya kunywa, shambre ya kinga, waya, bisibisi, kolye mbili za akiba, kipande cha sabuni, kriki inayobeba kweli, na kifuniko kimoja cha radiatere cha namba yenu. Vingi kati ya hivi mnavyo tayari nyumbani.

Kazi ya mkutano wenu ujao: nendeni wote kwenye motokari, ikiwa imelala usiku na motere ni baridi. Mwanachama mmoja asiyeendesha, na ningependa awe mmoja wa mama wanaosafiri nyuma, akae kwenye kiti cha shofere afanye kile kipimo cha pedali. Mwingine afungue kifuniko cha radiatere, akigeuze, abonye mpira kwa kidole gumba. Wengine wazunguke na maji ya sabuni kwenye valvu nne na ile ya mpira wa akiba. Andikeni mlichokuta, mtie sahihi, na karatasi ibaki ndani ya kabini mahali abiria wanaweza kuisoma.